Kuisoma Hewa ya Bahari Yenye Joto: Mwongozo kwa Watu wa Mwambao wa Afrika Mashariki

Mtu anayeishi baina ya Lamu na Mtwara, awe mvuvi, nahodha, mkulima wa mwani au abiria wa boti anayetaka tu kuvuka kwenda Unguja, hupokea habari za hewa kwa njia mbili ambazo mara nyingi hazikutanishwi: ile aliyorithi kwa wazee, yenye majina ya pepo na hesabu za mwezi, na ile itokayo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania au Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, yenye kilomita kwa saa na mita za mawimbi. Mwongozo huu unashikilia kwamba njia zote mbili zinaeleza jambo lile lile, na kwamba mwenye kuzijua zote husoma vizuri kuliko anayeegemea moja. Kwa hiyo maelezo yanaanzia kwenye msimu, yanashuka hadi siku na saa, ndipo yanapofika kwenye kimbunga, ambacho kwa pwani hii ni mgeni wa nadra lakini si mgeni asiyejua njia.

Mwanzo wa yote ni joto la maji. Mbele ya pwani ya Tanzania uso wa bahari huwa na joto la takriban nyuzi 25 za Selsiasi mwezi wa Agosti, wakati wa kipupwe, kisha hupanda polepole hadi karibu nyuzi 29 au 30 mwezi wa Machi na mwanzoni mwa Aprili. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo kwa anayeoga, lakini kwa hewa ni kubwa, kwa kuwa maji yenye joto hutoa mvuke mwingi zaidi, na mvuke huo huondoka na joto fiche, yaani joto lililotumika kuyageuza maji, ambalo halipotei bali hurudi hewani pale mvuke unapokuwa tena matone ndani ya wingu. Joto hilo linaporudi huisukuma hewa juu na kulirefusha wingu mpaka likawa kama mnara. Ndiyo maana wingu dogo la asubuhi mwezi wa Agosti aghalabu hupita na manyunyu, ilhali jingine la ukubwa ule ule mwezi wa Aprili laweza kufika saa tisa alasiri likiwa limekwisha kuwa ngurumo na upepo wa ghafla. Anayetaka kuisoma hewa ya bahari na aulize kwanza ni mwezi gani, ndipo atazame juu.

Juu ya maji hayo hupita pepo mbili zinazopokezana, na sababu ya kupokezana kwake iko mbali na pwani hii. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi bara la Asia hupoa, hewa yake nzito husukumwa kuelekea kusini ambako jua ni kali, na kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki. Kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba Asia hupata joto, hewa huvutwa kuelekea huko, na kusi huishika pwani kutoka kusini na kusini mashariki, ikiwa na nguvu zaidi Juni, Julai na Agosti. Pepo hizi zinapopishana hupita ukanda mvua, yaani eneo ambalo hewa ya kaskazini mwa dunia na ya kusini mwake hukutana na kupanda, nao huleta masika unapoelekea kaskazini na vuli unaporudi. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja kwa kaskazi na kurejea kwa kusi kwa karne nyingi, na bandari za Lamu, Mombasa na Kilwa hazingekuwa zilivyokuwa kama upepo ungevuma upande mmoja mwaka mzima.

Wazee wa mwambao hawakuihesabu misimu hii kwa mwezi mwandamo, ambao mwaka wake ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, bali kwa mwaka wa jua ulioanzia Nairuzi na kugawanywa katika miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, ambayo wakulima na manahodha waliyatumia kujua lini kupanda na lini kutweka. Hesabu hiyo ni ya siku 365 bila siku ya nyongeza ya kila mwaka wa nne, kwa hiyo Nairuzi husogea taratibu, na leo huangukia Julai, kama ionekanavyo katika sherehe ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi. Anayeambiwa kwamba mwongo fulani ndio wa kusi kali hana budi kuuliza maneno hayo yalisemwa zama za nani, kwa maana upepo haukuhama, iliyohama ni kalenda.

Ndani ya msimu kuna saa za siku. Nchi kavu hupata joto na kupoa upesi kuliko maji, kwa hiyo mchana hewa ya barani hupanda na hewa ya baharini huingia kuchukua nafasi yake, na huu ndio upepo wa bahari. Usiku mambo hugeuka, hewa iliyopoa barani huteremka kuelekea baharini, na huo ndio umande, ule upepo mwepesi wa alfajiri unaoisukuma ngalawa nje bila jasho. Wakati wa kusi upepo wa bahari hujiunga na upepo wa msimu, na ndiyo sababu asubuhi ya Julai yaweza kuwa karibu na shwari huku alasiri yake ikiwa na povu jeupe kila upande. Chombo kidogo chenye safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kipangiwe kutoka na umande na kuwa kimekwisha kuufikia ufuo kabla ya adhuhuri kupita sana. Anayepima hali ya bahari kwa jinsi ilivyokuwa saa moja asubuhi, kisha akatoka saa tano, amepima bahari nyingine.

Hapa ndipo penye hatari ya kawaida zaidi, nayo haina jina wala haitangazwi kwa kelele. Taarifa nyingi za bahari nchini Tanzania husema kutakuwa na upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, na kwa kuwa maneno hayo hurudiwa mara kwa mara wakati wa kusi, wengi wamezoea kuyapita kama salamu. Yanastahili kusomwa polepole. Nguvu ya upepo juu ya tanga au ubavu wa chombo haiongezeki sawa na kasi bali kwa mraba wake, maana yake ni kwamba upepo wa kilomita 40 kwa saa husukuma mara nne ya upepo wa kilomita 20, wala si mara mbili. Kimo cha mawimbi nacho, kama kitumikavyo katika utabiri wa bahari, ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi iliyo kubwa kuliko mengine, si kimo cha wimbi kubwa kabisa. Katika bahari iliyotajwa kuwa na mawimbi ya mita 2, baada ya saa kadhaa wimbi moja moja la karibu mita 4 litapita, na mtumbwi hauhitaji zaidi ya wimbi moja.

Taarifa hiyo haitaji jambo jingine ambalo nahodha lazima alijazie mwenyewe, nalo ni mkondo wa maji. Katika pwani hii tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hufika takriban mita 3 hadi 4, na maji mengi kiasi hicho yakipita katika milango baina ya visiwa hukimbia sana. Mkondo ukienda pamoja na upepo, mawimbi hulala na kurefuka. Ukiupinga upepo, mawimbi yale yale hufupika, husimama wima na kuvunjika, na mahali palipopitika asubuhi hapapitiki tena maji yanapogeuka. Kwa hiyo utabiri wa mita 2 siku ya maji mafu si sawa na utabiri wa mita 2 siku ya bamvua, ijapokuwa umeandikwa kwa maneno yale yale.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa maonyo yake kwa ngazi tatu zenye rangi: angalizo kwa njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Rangi hizi hazipimi ukubwa wa upepo au mvua peke yake, bali huunganisha uwezekano wa jambo kutokea na kiwango cha madhara yatakayotokea likitukia, hivyo mvua ya kiasi kile kile yaweza kupewa njano katika kipindi kikavu na chungwa pale ambapo ardhi imekwisha kushiba maji. Angalizo, kwa hiyo, si habari ya kupuuzwa kwa kuwa haijafika kwenye nyekundu. Kwa mwenye ngalawa, angalizo la upepo mkali ni sababu ya kutosha ya kubaki nchi kavu.

Ngurumo za masika na vuli zina tabia yake, na dalili zake ni za dakika, si za siku. Mvua kubwa ikianguka kutoka wingu refu huivuta hewa baridi kuelekea chini, nayo ikigonga maji hutawanyika mbele ya mvua kwa kasi. Huo upepo wa baridi unaotangulia matone, mara nyingi chini ya ukingo mweusi wa wingu huku maji yakibadilika rangi, ndio unaopindua vyombo, na tanga latakiwa kuwa limetuliwa kabla haujafika, kwa kuwa ukishafika kamba hazishikiki. Kuhusu radi, sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu, basi anayehesabu sekunde baina ya mwako na mngurumo na kuzigawa kwa tatu anajua umbali wa wingu kwa kilomita. Lakini radi hupiga hata mbali na mvua, na ngurumo ikisikika tu, aliye ufuoni au juu ya maji amekwisha kuwa ndani ya eneo la hatari.

Miaka nayo haifanani. Kuna vipindi ambapo pepo za ikweta husukuma maji yenye joto kutoka upande wa Indonesia kuja upande wa Afrika, na magharibi ya Bahari ya Hindi ikawa na joto kuliko kawaida ilhali mashariki yake imepoa. Wanasayansi, walioieleza hali hii kwa kina mwaka 1999, huiita dipole ya Bahari ya Hindi, yaani bahari yenye ncha mbili, na inapoegemea upande wa Afrika huitwa chanya. Vuli za mafuriko za 1961, 1997 na 2019 zote zilikuwa na dipole chanya. Anayefuatilia utabiri wa vuli na atafute neno hilo hata kabla ya kutafuta El Niño, kwa kuwa kwa mvua za vuli za Afrika Mashariki bahari iliyo mbele ya nyumba mara nyingi husema zaidi kuliko bahari ya Pasifiki.

Kimbunga cha kitropiki, ambacho katika lugha ya zamani ya mwambao huitwa pia chamchela au tufani ingawa maneno hayo yana maana pana zaidi, ni mgandamizo mdogo wa hewa unaozunguka juu ya bahari na kujilisha joto fiche lililoelezwa hapo juu. Ili kizaliwe hutakiwa mambo kadhaa kukutana: maji yenye nyuzi zisizopungua takriban 26.5 hadi kina cha mita kama 50, hewa yenye unyevu, pepo za juu zisizopishana sana na za chini kwa kasi na mwelekeo, na umbali wa kutosha kutoka ikweta ili mzunguko wa dunia uweze kuipinda hewa ikaanza kuzunguka. Sharti hili la mwisho ndilo ngao ya pwani ya Kenya na ya kaskazini mwa Tanzania, kwa kuwa ndani ya nyuzi tano za latitudo kutoka ikweta nguvu hiyo ni dhaifu mno na vimbunga ni nadra sana. Lakini ngao hiyo huishia mahali fulani. Mombasa iko nyuzi 4 kusini, Unguja 6, Mtwara zaidi ya 10, na kila digrii ya kuelekea kusini huipunguza.

Historia inathibitisha. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaharibu merikebu za Sultani Barghash na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho, huku Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Uongozi wa Pemba katika zao la karafuu una mizizi yake katika siku hiyo. Aprili 1952 kingine kiliingia Lindi. Mwaka 2019 Idai kilipiga karibu na Beira katikati ya Machi na kuua zaidi ya watu 1,000 katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, na tarehe 25 Aprili mwaka huo huo Kenneth kiliingia Cabo Delgado, si mbali na mpaka wa Tanzania. Jobo kilielekea Dar es Salaam Aprili 2021 kikafifia kabla ya kufika, na mwanzoni mwa Mei 2024 Hidaya kilifika eneo la Mafia, kikadhoofu, lakini mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi.

Msomaji akizitazama tarehe hizo ataona jambo ambalo kalenda rasmi ya vimbunga hailisemi wazi. Msimu wa vimbunga kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi huhesabiwa kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Aprili, lakini vilivyoifikia au kuikaribia pwani ya Tanzania katika orodha hii vimejikusanya Aprili na mwanzo wa Mei, yaani pale kaskazi imekwisha na kusi haijashika, maji yakiwa bado na joto la kilele. Mabaharia wa zamani walikuwa na maneno yao kwa kipindi hicho cha pepo kugeuka, maleleji likiwa mojawapo, na walikihesabu kuwa kipindi kisichoaminika. Kwa watu wa kusini mwa Tanzania, huo ndio muda wa kuangalia taarifa za bahari kila siku, hata kama msimu umekwisha kutangazwa kumalizika.

Kituo kinachosimamia vimbunga vya eneo hili kiko kisiwani Réunion chini ya idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, na majina hutolewa na Madagaska kwa vilivyo magharibi ya longitudo 55 mashariki na Morisi kwa vilivyo mashariki yake. Jina hutolewa upepo wa wastani unapofika kilomita 63 kwa saa, hali inayoitwa dhoruba ya kitropiki. Kimbunga kamili huanzia kilomita 118, na kimbunga kikali kilomita 166. Dhoruba kupewa jina, basi, si dalili ya maangamizi, lakini wala kushushwa ngazi si ruhusa ya kutoka, kwa kuwa ngazi hupima upepo peke yake na haisemi lolote juu ya mvua.

Aliye mbali na simu au redio bado ana dalili. Ya kwanza aghalabu ni mawimbi marefu, yenye nafasi kubwa kati ya moja na jingine, yanayofika kutoka mashariki au kusini mashariki siku moja au mbili kabla, wakati upepo wa mahali hapo hauyaelezi. Ya pili ni mgandamizo wa hewa. Katika nchi za joto barometa hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa utaratibu unaoaminika, ikiwa juu kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, na chini kama saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Siku utaratibu huo unapovunjika, na kipimo kikawa hektopaskali 3 chini ya kawaida ya msimu, kuna jambo, na kikiwa 5 chini, kimbunga huenda kiko karibu. Baadhi ya simu za mkononi zina kipimo hiki ndani yake, na mwenye nayo akiandika namba hizo kwa wiki chache za hewa njema atakuwa na kitu cha kulinganishia.

Ya tatu ni mwelekeo wa upepo. Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mshale wa saa, kwa hiyo anayesimama na kuupa upepo mgongo ana kitovu cha kimbunga upande wake wa kulia. Kwa pwani inayotazama mashariki jambo hili lina matokeo makubwa: kimbunga kikiingia nchi kavu, miji iliyo kusini ya kitovu hupata upepo utokao baharini, nao huyarundika maji ufuoni, wakati iliyo kaskazini yake hupata upepo wa kutoka bara. Kurundikana huko kwa maji, pamoja na kuinuka kwa bahari kwa takriban sentimita moja kwa kila hektopaskali inayopungua, huitwa wimbi la dhoruba, na uzito wake hutegemea sana kama kimbunga kimekutana na maji kujaa ya bamvua au maji kupwa. Mwenye nyumba karibu na maji aangalie kwanza jedwali la kujaa na kupwa kwa saa ile ambayo kimbunga kinatarajiwa, kisha ahamie mahali pa juu mapema, mchana, barabara zikiwa bado zinapitika.

Vyombo vidogo vipandishwe nchi kavu kupita alama ya juu kabisa ya maji ya bamvua na kufungwa. Vikubwa vitafute hori lenye mikoko, ambayo huvunja mawimbi vizuri kuliko ukuta. Jicho la kimbunga likipita, upepo hutulia kwa ghafla na huenda mbingu zikafunguka, na utulivu huo huwatoa watu nje; baada ya muda usiotabirika upepo hurudi kutoka upande ulio kinyume, nao hukuta paa na miti iliyokwisha kulegezwa. Mvua huendelea hata kimbunga kikishakufa, na mito hujaa baadaye, wakati mwingine siku mbili baada ya jua kutoka. Visima vya pwani vilivyofikiwa na maji ya bahari visinywewe kabla ya kutekwa na kumwagwa mara kadhaa, kutibiwa na kupimwa. Bahari yenyewe hubaki na mawimbi baada ya upepo kwisha, na kipimo kilicho karibu zaidi na mvuvi ni mlango wa mwamba anaoupitia kila siku: yakiwa bado yanavunjika katikati ya mlango, penye kina, safari ingojee maji yajayo.